NILINUNUA MAKTABA NZIMA, KUMBE YA KUAZIMA!

Jamani, kuna watu wana ugonjwa wa viatu, kuna watu wana ugonjwa wa mpira, na kuna wale ambao ugonjwa wao ni harusi za watu. Mimi wa kwangu ni vijimashine. Nikiona kitu kina kitufe, mkono unaniwasha. Redio ya mfukoni, tochi ya kuchaji, saa inayohesabu hatua, spika ya ukubwa wa chungwa, vyote vimepita mikononi mwangu. Sasa hivi vimelala kwenye boksi moja chini ya kitanda, vimekufa, kila kimoja na waya wake ambao haukubali kuingia kwenye kingine. Mama yangu boksi lile analiita "makaburini".

Leo nataka niwasimulie kilichonikuta na mashine ya kusomea vitabu. Nawasimulia ili mcheke, lakini mkishamaliza kucheka mjifunze, maana mwenzenu cha moto nilikiona.

Yote yalianzia kwenye daladala la Mbagala. Saa saba ya mchana, jua limekasirika, nimekaa dirishani najitahidi kusoma kitu kwenye simu yangu, lakini wapi! Kioo kimegeuka kuwa cha kujitazamia. Badala ya maandishi naona pua yangu. Pembeni yangu kakaa dada mmoja ametulia tuli, ameshika kitu chembamba kama daftari, anasoma. Nikachungulia (naomba msinihukumu, sote tunachungulia). Maandishi meusi tii juu ya rangi ya karatasi, jua linampiga na yeye hata hakunji uso. Akabonyeza, ukurasa ukageuka. Nikamwuliza, "Dada, samahani, hiyo ni simu gani?" Akanijibu bila kunitazama, "Siyo simu. Ni vitabu."

Ni vitabu! Nilishuka Rangi Tatu nikiwa nimeshapendana na kile kitu.

Kwa wale ambao hawajakiona, ngoja niwaeleze kidogo kinavyofanya kazi. Simu na televisheni vinakumulika machoni. Mashine hii haikumuliki. Kioo chake kina vitone vidogo sana, na ndani ya kila kitone kuna unga mweupe na unga mweusi vinavyoelea kwenye maji maji. Umeme kidogo ukipita, mweusi unapanda juu au unashuka chini, na hivyo ndivyo herufi zinavyochorwa. Zikishachorwa zinabaki pale pale bila kula umeme tena, mpaka ugeuze ukurasa. Ndiyo maana ukichaji mara moja unasoma wiki kadhaa. Wanauita wino wa kielektroniki, na kampuni inayoutengeneza ilianzishwa Marekani mwaka 1997 na watu waliotoka kwenye maabara ya chuo cha MIT.

Sony walitoa mashine ya namna hiyo kule Japani mwaka 2004, wakaiita Librié. Halafu tarehe 19 Novemba 2007 Amazon wakatoa Kindle yao ya kwanza kwa dola 399, zikanunuliwa zote ndani ya saa sita. Wazungu nao kumbe wana ugonjwa kama wangu.

Basi bwana, nikaenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, kunakouzwa simu. Nikazunguka mpaka nikampata kijana mmoja ana moja tu, imetumika, imetoka ng'ambo. Chapa yake naiweka kapuni. Bei laki na themanini. Nikapunguziwa maneno lakini siyo bei. Kilichonimaliza ni pale alipoiwasha akanionyesha orodha. "Bosi, humu ndani mna vitabu mia mbili na kumi na mbili. Hivyo nakupa bure."

Vitabu 212 bure! Nikapiga hesabu ya kichwa nikaona yule kijana ni mjinga na mimi ni mjanja. Msomaji wangu, ukiona umefika Kariakoo ukajiona wewe ndiye mjanja, simama, vuta pumzi, ondoka.

Mfukoni nilikuwa na laki na ishirini. Imepungua elfu sitini. Na hapa ndipo ninapofika mahali ambapo sijivunii.

Nyumbani kwetu kuna sanduku la bati la marehemu mzee. Mzee wangu alikuwa mtu wa kusoma, na sanduku lile lilikuwa na vitabu vyake: hadithi za Willy Gamba, vya Shaaban Robert, vya Kezilahabi, vingine jalada limetoka, vingine mende wameshaonja kona. Wakati huo mama alikuwa amekwenda Morogoro kumuuguza shangazi. Nikajiambia, sanduku linakula nafasi, vumbi linakohoza watu, na mimi nanunua mashine itakayobeba vitabu vyote vya dunia. Nikavifunga kwenye salfeti, vitabu 41, nikavipeleka Posta kwa wale wanaotandaza vitabu vya mitumba barabarani. Nikapewa elfu sitini kamili. Nikaona hata Mungu kakubali.

Mwezi wa kwanza ulikuwa wa raha tupu. Nikawa nasoma kwenye foleni ya maji, nasoma saluni, nasoma kituoni. Nikikutana na neno la Kiingereza gumu, naligusa, kamusi inatokea yenyewe. Herufi zikiwa ndogo nazikuza. Na zaidi ya hapo, nilimpata rafiki. Yule mwenye mashine wa kwanza, ambaye simjui kwa jina wala kwa sura, alikuwa na tabia ya kupiga mistari kwenye sentensi alizozipenda na kuandika maneno yake pembeni. Mahali pengine kaandika "kweli kabisa" kwa Kiingereza, mahali pengine kaandika kwamba kifo hicho kimemkumbusha dada yake. Nikawa nasoma kitabu huku namsoma na yeye. Kuna usiku nilimjibu kwa sauti.

Kero nazo hazikukosekana, ziwekeni kwenye mizani:

Kwanza, kila mtu ana ushauri. Kwenye daladala wameniambia mara tatu, "Kaka, simu yako imeganda." Mmoja akajitolea kuipigapiga mgongoni ili iamke.

Pili, yangu ni ya zamani, haina taa. Mchana jua kali unasoma kama mfalme, lakini umeme ukikatika usiku, mashine ya laki na themanini inahitaji mshumaa. Mdogo wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Tatu, zile notisi za shule ambazo watu wanatumiana kwenye simu, za PDF, humo ndani zinakuwa kama zimeandikwa na sisimizi. Ukizikuza, nusu ya mstari inakwenda nje ya kioo. Mdogo wangu yuko kidato cha nne, nilimwahidi mashine itamsaidia. Alijaribu siku mbili, akarudi kwenye daftari lake.

Nne, na hii ndiyo iliyoniuma, huwezi kumwazima mtu kitabu. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima anayependa sana hadithi, alikuja kama alivyozoea enzi za mzee. "Mwanangu, nipe basi kimoja nikapitishie jioni." Nikabaki nimeduwaa. Kimoja nakitoaje? Nikimpa kimoja nimempa vyote 212, na mimi nalala na nini? Nikamwambia, "Mama, vimeingia kwenye mashine." Akaitazama, akanitazama, akasema, "Haya, vikitoka uniite." Hakurudi tena.

Mama aliporudi kutoka Morogoro hakuchukua hata siku mbili kugundua sanduku ni jepesi. Nilijiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Akauliza swali moja tu. "Hata kile cha *Shamba la Wanyama*?"

Nikamwambia vyote, mama. Akafunga sanduku akaenda kuchambua mchele. Siku nzima hakunisemesha. Wenye mama zao wanajua, bora ungepigwa.

Wiki tatu baadaye, ikawa zamu yangu. Nilikwenda kwa mshikaji wangu mmoja ana intaneti nyumbani. Nikasema ngoja niiunganishe na mashine yangu, nayo ionje. Ikaonja. Ikafikiri kidogo, kioo kikapiga weusi, kikapiga weupe. Nikarudi kwenye orodha yangu.

Hakuna kitu. Vitabu vyote vimeondoka, vimebaki maelezo ya jinsi ya kutumia mashine, tena kwa Kijerumani. Nikaizima nikaiwasha. Nikaipigapiga mgongoni kama yule kaka wa kwenye daladala. Wapi! Mistari ya rafiki yangu, maneno yake ya dada yake, kitabu nilichokuwa nimebakiza kurasa thelathini tu kukimaliza, vyote vimeyeyuka kama barafu ya shilingi mia.

Mbio mpaka Kariakoo. Kijana akanisikiliza kwa adabu, halafu akasema, "Bosi, mimi nilikuuzia mashine. Vitabu nilikwambia ni bure." Na hapo sikuwa na la kujibu, maana kweli alisema.

Fundi mmoja wa pale jirani ndiye aliyenifungua macho. Alinieleza hivi: vitabu vile havikuwa vya mashine, vilikuwa vya akaunti ya yule aliyevinunua kule kwao. Mashine ilikuwa bado inahesabika ni yake. Siku moja yule bwana, au yule bibi, akiwa amekaa zake huko, kakumbuka kwamba ile mashine hana tena, akaifuta kwenye orodha ya mali zake. Amri ile ilikuwa inasubiri tu mashine ishike intaneti. Mimi nikaishikisha. Hakuna aliyeniibia. Vitabu vimerudi kwa mwenyewe.

"Lakini hata huyo mwenyewe," fundi akaongeza huku anapuliza vumbi kwenye simu ya mtu, "usifikiri anavimiliki kama unavyomiliki shati."

Nikadhani anachonga tu. Nikaenda kutafuta, na nikakuta mambo. Ile Librié ya Sony ya mwaka 2004 niliyowatajia, vitabu vyake vilikuwa vya siku 60. Ukinunua, unasoma, siku zikiisha kinajifunga chenyewe. Mwaka 2019 Microsoft nao walifunga duka lao la vitabu vya namna hii. Waliokuwa wamenunua walirudishiwa fedha, lakini vitabu vikafungwa, huvisomi tena.

Lililonikalisha chini ni la Julai 2009. Watu kule Marekani walikuwa wamenunua vitabu viwili vya George Orwell kwa ajili ya Kindle zao, wamelipa fedha halali. Siku moja wanafungua, vitabu havipo. Amazon walikuwa wamegundua kwamba aliyewapa vitabu vile kuviuza hakuwa na haki navyo, basi wakaingia kwenye mashine za watu kwa mbali, wakavifuta, na kuwarudishia fedha zao. Mwanafunzi mmoja wa sekondari wa jimbo la Michigan alikuwa anasoma kimojawapo kwa kazi ya shule; maelezo aliyokuwa ameyaandika yakabaki yananing'inia hayana kitabu. Akaenda mahakamani, na kesi ikaisha kwa makubaliano. Mkuu wa kampuni mwenyewe, Jeff Bezos, aliomba radhi hadharani na kukiri kwamba lile lilikuwa jambo la kijinga.

Kimoja cha vitabu vile kinaitwa *1984*. Cha pili, msomaji wangu, kinaitwa *Animal Farm*. Kwa Kiswahili alikitafsiri Fortunatus Kawegere, kikatoka mwaka 1967. Jina lake ni *Shamba la Wanyama*.

Niliposoma jina lile mwili ulinisisimka. Nikamwona mama anavyochambua mchele.

Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa Posta. Yule bwana wa vitabu alinikumbuka. Vya Willy Gamba vilikwisha siku ile ile, alisema, vile havilali. Vya Shaaban Robert kachukua mwalimu mmoja. Tukapekua mafungu yote, mimi nimepiga magoti kwenye lami na watu wananiruka. Kikapatikana chini kabisa, kati ya kitabu cha uhasibu na kile cha kutunza kuku. Kidogo, jalada limefifia, mgongo umeshonwa kwa uzi na mzee mwenyewe.

"Hicho elfu saba," akasema.

"Bwana, si nilikuuzia mimi kwa elfu na mia nne na ushee?"

"Ndiyo. Ulikuwa unauza. Sasa unanunua."

Nikalipa. Ndani ya daladala nikakifungua kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Naona aibu kusema lakini ndiyo ukweli. Kwenye jalada la nyuma, upande wa ndani, mzee alikuwa amechora jedwali kwa rula: jina, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Lilikuwa na majina kumi na moja. Jirani yetu yule yumo, mara mbili. Yumo mtu ambaye sasa ni shehe wa mtaa. Kila mmoja ana tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha, na sahihi ya mzee pembeni, mtu hakuwa na mchezo.

Jina la mwisho ni la mama, lile la kabla hajaolewa. Amechukua tarehe 3 Agosti 1996. Kwenye nafasi ya kurudisha hakuna tarehe. Mzee kaandika neno moja tu kwa wino wa kijani: "Bado."

Nilipofika nyumbani nikamkabidhi. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua moja kwa moja pale nyuma, wala hakutafuta. Akacheka kicheko ambacho sijakisikia tangu msiba. "Baba yako alinifuata mpaka nyumbani akisema anadai kitabu chake. Alikuja mara nne. Mara ya tano alikuja na wazee wake."

Akakiweka kwenye sanduku, halafu akasema bila kugeuka, "Na vile arobaini?"

Vile arobaini ndiyo deni langu. Mpaka leo nimeshavipata sita.

Sasa msinielewe vibaya. Mashine sijaitupa, na kwenye boksi la makaburini haijaingia. Bado naipenda. Ila siku hizi tunaheshimiana, na kwa wale ambao mkono unawawasha kama wangu, haya ndiyo niliyojifunza kwa fedha yangu:

Ukinunua iliyotumika, usitoke dukani kabla hujaifuta mbele ya macho ya muuzaji na kuiandikisha kwa jina lako. Ukiambiwa "ina vitabu vingi ndani", jua kwamba hivyo siyo vyako, usivihesabu kwenye bei. Kiangalie kioo vizuri kikiwa kimewaka. Kikiwa na mistari isiyoondoka, kimeshapasuka kwa ndani, na hakuna fundi wa kukiunga. Uliza kama ina taa, maana umeme wetu mnaujua. Kama unaitaka kwa ajili ya notisi za PDF tu, fedha yako ifanyie jambo jingine.

Vitabu weka mwenyewe kwa waya kutoka kwenye kompyuta, na nakala uibakize pembeni kwenye flashi. Vipo vya bure vya halali, vile ambavyo haki za mwandishi zimekwisha muda. Mmarekani mmoja, Michael Hart, alianza kuvikusanya mwaka 1971 akiwa chuo kikuu cha Illinois, akaviita Project Gutenberg, na leo ni zaidi ya 70,000. Vya Kiingereza ndivyo vingi, lakini ukivichukua hakuna atakayebisha hodi kuvidai.

Na vya karatasi mlivyonavyo majumbani, hata kama mende wameonja kona, kabla hamjaviuza vifungueni kurasa za nyuma.

Jana yule jirani yetu nilimpelekea *Shamba la Wanyama* kwa mkono wangu. Mama kakubali, kwa sharti moja. Nimechukua rula, nimeongeza mstari kwenye jedwali la mzee, nimeandika jina lake na tarehe. Mashine nimemwachia mdogo wangu, anaitumia kufunikia sufuria la maziwa nzi wasiingie.

Natania. Iko chaji.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.